Kadi ya Mkopo: Safari ya Fedha na Mahali Riba Inapojificha

  

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja nilikuwa Butiama, mkoani Mara. Baada ya swala, mzee mmoja alinisubiri nje ya msikiti mpaka watu wakatawanyika. Tukaamkiana, tukaulizana hali, kisha akanivuta pembeni chini ya mti. Nikatambua kuwa ana jambo linalomlemea.

Mwanawe, aliniambia, amekwenda Ghuba kutafuta riziki na anafanya kazi ya udereva. Miaka miwili nyuma kijana huyo alituma fedha za kuezeka nyumba ya wazazi. Mabati yakanunuliwa Musoma, fundi akaja, na kwa mara ya kwanza mvua ya masika ikanyesha pasipo mama wa nyumba kupanga masufuria sakafuni. Familia nzima ilimshukuru Mungu. Lakini baada ya hapo fedha za kila mwezi zikaanza kupungua, kisha zikakatika. Mzee alipombana mwanawe kwenye simu, kijana akalia. Fedha ya mabati hakuwa nayo. Aliitoa kwenye mashine ya benki kwa kadi ya mkopo, na tangu siku ile analipa kila mwezi lakini deni halishuki.

“Sheikh wangu,” mzee akaniuliza, “paa lililo juu ya kichwa changu ni halali au ni haramu? Ninaposwali chini yake, swala yangu inapokelewa?”

Nilimwomba mzee wangu anipe muda. Swali lake ni la fikihi, lakini fikihi hutangulizwa na kulijua jambo lenyewe lilivyo. Wanazuoni wetu walitufundisha madrasa kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukielewa. Basi leo, kabla ya kumjibu mzee mbele yenu, natuitazame kwanza kadi hii: fedha hutoka wapi, hupitia kwa nani, hufika lini, na riba huingilia mlango gani.

KADI ZINAFANANA SURA, HAZIFANANI MIKATABA

Kadi za benki zote zimefanana umbo. Zote ni kipande cha plastiki chenye namba, jina na alama ya dhahabu ambayo ndiyo kompyuta ndogo ya kadi. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani ni kitu kimoja. Sivyo.

Ya kwanza ni kadi ya akaunti. Hii ndiyo waliyonayo Watanzania wengi, walimu, wauguzi na wafanyabiashara wanaopanga foleni kwenye mashine za fedha Musoma na Bunda. Ukiitumia, unatumia fedha yako mwenyewe iliyoko benki. Isipokuwepo, malipo yanakataliwa, na mambo yanaishia hapo.

Ya pili ni kadi ya malipo ya mwezi. Benki au kampuni inakulipia kwanza, kisha mwisho wa mwezi unatakiwa kulipa deni lote kwa mara moja. Diners Club ya Marekani, iliyoanza mwaka 1950, ilikuwa ya namna hii.

Ya tatu ndiyo kadi ya mkopo hasa. Benki inakuwekea kikomo, tuseme shilingi milioni 2, na kila unaponunua inakulipia. Mwisho wa mwezi inakuletea hesabu na kukupa hiari mbili: ulipe deni lote ndani ya siku ulizopewa, au ulipe sehemu ndogo tu, iitwayo kima cha chini, na kilichobaki kizae riba. Mfano mashuhuri wa kadi hii ulianza Septemba 1958, pale Bank of America ilipowapelekea kwa posta wakazi wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi ambazo hawakuziomba. Mwaka 1976 kadi hizo zilichukua jina ambalo dunia nzima inalijua leo, Visa.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Benki yenyewe imekiri katika jina la kadi kwamba ni ya “mkopo”. Mwenye kadi ndiye anayesahau.

WATU WATANO KATIKA MALIPO MAMOJA

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mgeni kutoka Ujerumani amekuja kuona makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, na kesho ataingia Serengeti kwa lango la Ndabaka lililo kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Usiku wa leo analala katika hoteli moja ya Musoma, kando ya ziwa, na bili yake ni shilingi 100,000. Anatoa kadi ya mkopo.

Kwa macho yetu hapo kuna watu wawili, mgeni na mwenye hoteli. Kwa hakika wamo watano. Wa kwanza ni mgeni, mwenye kadi. Wa pili ni benki yake huko Ujerumani iliyompa kadi hiyo. Wa tatu ni mwenye hoteli. Wa nne ni benki ya mwenye hoteli hapa Tanzania, iliyompa ile mashine ndogo ya kupokelea kadi. Wa tano ni mtandao unaoziunganisha benki hizo mbili zisizojuana, kama vile Visa au Mastercard. Mtandao huo haumkopeshi mgeni wala haumwekei fedha mwenye hoteli. Kazi yake ni kupeleka ujumbe, kuweka kanuni na kufanya hesabu za nani anamdai nani.

SEKUNDE CHACHE ZA IDHINI

Mgeni anapoingiza kadi na kubonyeza namba yake ya siri, mashine inasoma namba ya kadi. Namba hiyo si ya kubahatisha. Tarakimu ya kwanza inaonyesha mtandao, kwani kadi za Visa huanza na 4 na nyingi za Mastercard huanza na 5. Tarakimu za mwanzo kwa pamoja huitambulisha benki iliyotoa kadi, zinazofuata ni za mwenye kadi, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Tarakimu hiyo ya ukaguzi hupatikana kwa kanuni ya hesabu aliyoibuni Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, na ndiyo inayoiwezesha mashine kugundua mara moja iwapo mtu amekosea tarakimu moja anapoiandika namba hiyo.

Mashine inapeleka ujumbe kwa benki ya mwenye hoteli. Benki hiyo inaupeleka kwenye mtandao, na mtandao unaupeleka kwa benki ya mgeni huko Ujerumani. Benki ya mgeni inajiuliza maswali machache: Je, kadi hii ni yetu? Imeripotiwa kuibiwa? Alama ya siri iliyotolewa na ile kompyuta ndogo ya kadi ni sahihi? Kikomo cha mkopo wake kinatosha? Ikiridhika, inatenga kiasi kile katika kikomo cha mgeni na kurudisha jibu kwa njia ile ile: imekubaliwa. Safari yote hiyo, Musoma hadi Ulaya na kurudi, huchukua sekunde chache. Mashine inatoa karatasi na mgeni anachukua ufunguo wa chumba.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani fedha imekwisha kuhama. Hakuna hata senti moja iliyohama. Kilichohama ni ahadi. Benki ya mgeni imesema: “Mpe chumba, mimi ni mdhamini.”

SIKU CHACHE ZA HESABU

Usiku mwenye hoteli anafunga hesabu za mashine yake. Malipo yote ya siku yanakusanywa na kupelekwa kwa benki yake, nayo inayafikisha kwenye mtandao. Mtandao unajumlisha madai ya maelfu ya benki duniani, unatoa hiki na kuongeza kile, na mwisho kila benki inaambiwa jumla inayopaswa kulipa au kupokea. Ndipo benki zinapolipana, kwa kawaida ndani ya siku moja hadi chache, na mwenye hoteli akaona fedha katika akaunti yake.

Haioni laki nzima. Tuseme mkataba wake na benki unamkata shilingi 2 na nusu kwa kila 100, basi atapokea 97,500. Zile 2,500 zinagawanywa: sehemu kubwa kwa kawaida inakwenda kwa benki iliyotoa kadi, sehemu ndogo kwa mtandao, na inayobaki kwa benki yenye mashine.

Naye mgeni hajalipa chochote bado. Deni lake kwa benki yake limeandikwa, na hesabu itamfikia mwisho wa mwezi. Kati ya usiku aliolala Musoma na siku atakayolipa huenda zikapita wiki kadhaa. Katika kipindi hicho chote mambo mawili yamekwisha thibiti kisharia: mwenye hoteli amepata haki yake, na mgeni ana deni shingoni.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Asidhani mtu kwamba kulipa kwa ahadi ni uzushi wa Wazungu. Neno hundi tunalolitumia katika Kiswahili lilifika pwani yetu pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi, ambao karne ya 19 walilipana kati ya Unguja na Bara Hindi kwa karatasi badala ya kubeba mifuko ya fedha baharini. Na kabla yao, fikihi yetu ilikuwa na milango kamili juu ya mambo hayo. Upo mlango wa dhamana, yaani mtu kujitwisha deni la mwenzake. Upo mlango wa hawala, yaani deni kuhamishwa kutoka shingo moja kwenda nyingine. Upo mlango wa uwakala, yaani mtu kufanya kazi kwa niaba ya mwingine na kulipwa ujira wake.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (R.A.), na ambayo Bukhari na Muslim wameikubali, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba tajiri kuchelewesha deni ni dhuluma, na kwamba anayehamishiwa deni lake kwa mtu mwenye uwezo wa kulipa na akubali. Tazameni jinsi mafundisho hayo yanavyoingia katika kisa cha hoteli yetu. Mwenye hoteli amekubali kumdai mwenye uwezo, yaani benki, badala ya msafiri ambaye kesho hayupo. Hilo ni jema. Ada anayokatwa ni ujira wa kazi ya kweli: mashine, mawasiliano, ulinzi na ukusanyaji. Hilo nalo lina njia katika sharia.

Basi hatua zote tulizozipita, idhini, hesabu na benki kulipana, hazina tatizo katika asili yake. Riba haimo katika mashine wala katika kile kipande cha plastiki. Tuitafute kwingine.

RIBA IPO KATIKA SAINI

Mwezi Septemba mwaka 2000 wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, walikutana Riyadh katika kikao chao cha 12. Katika azimio namba 108 waliipambanua kadi isiyo na fedha ya mwenyewe nyuma yake, yaani kadi ya mkopo. Walisema haijuzu kuitoa wala kuitumia ikiwa mkataba wake una sharti la nyongeza ya riba, hata kama mwenye kadi amekusudia kulipa ndani ya muda wa msamaha usiotozwa riba. Ikiwa mkataba hauna sharti hilo, inajuzu. Benki inaweza kutoza ada maalumu ya kutoa na kuhuisha kadi ikiwa ni ujira wa huduma, na inaweza kuchukua ada kwa muuzaji, kwa sharti kwamba bei ya anayelipa kwa kadi iwe sawa na bei ya anayelipa taslimu.

Wapo wanazuoni wa zama hizi waliolegeza kwa mtu aliye katika nchi ambako hakuna kadi nyingine, anayeihitaji kwa dharura na mwenye yakini kwamba atalipa deni lote kwa wakati. Ni haki msomaji ajue kwamba kauli hiyo ipo. Lakini kauli ya Baraza ndiyo yenye nguvu zaidi kwangu, na sababu yake nataka niieleze kwa kisa ambacho watu wa Butiama wana haki nacho kuliko wengine.

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, mwana wa Butiama aliyezikwa hapo Oktoba 1999, aliitafsiri kwa Kiswahili tamthilia moja ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi. Ilichapishwa mwaka 1969. Ndani yake mfanyabiashara Antonio anamdhamini rafiki yake kwa mkopo wa dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Mkopeshaji hadai riba safari hii. Anaandika sharti analolifanya kama mzaha: asipolipwa siku ile, atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Rafiki anamsihi asitie saini. Antonio anatia, kwa kuwa ana meli baharini, na kwa hesabu zake meli zitarejea mwezi mzima kabla ya siku ya deni. Habari zinazofika ni kwamba meli zimepotea.

Tusikichukue kisa hicho kuwa silaha dhidi ya watu wa dini nyingine. Riba hutozwa na watu wa dini zote, na wetu wamo. Funzo ninalolitaka ni la yule aliyetia saini. Antonio hakuwa mjinga wala mlafi. Kosa lake ni kwamba aliikubali adhabu kwa sababu aliamini haitamfika. Naye mwenye kadi ya mkopo husema maneno yale yale: “Najua kuna riba, lakini mimi nitalipa kabla.” Anaweka mwili wake rehani kwa meli ambazo ziko baharini. Mshahara ukichelewa, mtoto akiugua, kazi ikiisha, sharti lililolala linaamka.

KIMA CHA CHINI NA DENI LISILOISHA

Sasa turudi kwa kijana wa Ghuba. Yeye hakununua kitu dukani. Alitoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo. Benki nyingi hazitoi hata siku moja ya msamaha kwa fedha ya namna hiyo: ada ya kutoa inakatwa palepale, na riba inaanza kuhesabiwa siku ile ile.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme deni ni shilingi 1,000,000, riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na kima cha chini ni asilimia 5 ya deni. Mwezi wa kwanza riba ni 30,000, deni linakuwa 1,030,000. Kijana analipa kima cha chini, 51,500. Deni linabaki 978,500. Amelipa elfu hamsini na ushei, na deni limeshuka kwa 21,500 tu. Akiendelea hivyo kwa miezi 12 bila kukosa hata mwezi mmoja na bila kukopa tena, atakuwa amelipa takriban 550,000, na bado atadaiwa takriban 770,000. Yaani zaidi ya nusu ya jasho lake la mwaka imekwenda kwenye riba.

Na kadiri deni linavyopungua, kima cha chini nacho kinapungua, hivyo kasi ya kulipa inazidi kuwa ndogo. Mkopaji huona amepewa nafuu kwa kuwa mwezi huu anatakiwa kulipa kidogo, kumbe amerefushiwa njia. Ndiyo maana kijana yule alilia. Alikuwa analipa kweli, hakuwa mtoro wa deni, lakini alikuwa anatwanga maji kinuni.

MAMBO MATATU YA KUJIHADHARI

La kwanza ni kutoa fedha taslimu. Azimio la Riyadh limeeleza kwamba fedha anayoitoa mwenye kadi ya mkopo ni mkopo kutoka kwa benki. Haina ubaya ikiwa haikuambatana na nyongeza ya riba, na ada ya mkato mmoja inayolingana na huduma si riba. Lakini ada inayopanda kwa kufuata ukubwa wa mkopo au urefu wa muda imeingia katika riba iliyokatazwa.

La pili ni dhahabu. Katika wilaya ya Butiama iko Buhemba, ambako dhahabu si hadithi ya mbali, na vijana wetu wengi wanaishi kwa machimbo. Sharia imeamrisha dhahabu inunuliwe kwa fedha mkono kwa mkono. Kwa kuwa kadi ya mkopo haina fedha ya mnunuzi nyuma yake, Baraza lilikataza kununulia dhahabu, fedha na sarafu kwa kadi hiyo. Ama kadi ya akaunti yenye fedha yako ndani, Baraza hilo hilo katika kikao chake cha 15 mjini Muscat, Oman, Machi 2004, liliruhusu.

La tatu ni bei mbili. Ndugu wafanyabiashara, ada ya mashine ni gharama ya biashara yako kama ilivyo kodi ya pango na umeme. Kumwambia mteja wa kadi “ongeza kidogo” ni kumbebesha asichokubaliana nacho, na kunavunja sharti tulilolitaja.

Wala tusidhani kwamba aliyeko Butiama bila kadi yuko salama. Mlango huo umekwisha hamia kwenye simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa benki ya mkulima, na hilo ni neema, kwani mtu anatuma fedha yake mwenyewe na kulipa ujira wa kutumiwa. Lakini zimekuja pia huduma za kumalizia malipo pale salio lisipotosha, kama Fuliza ya Kenya iliyoanza Januari 2019, na hapa kwetu zipo za aina hiyo. Simu inasema salio halitoshi, bonyeza hapa tukuongezee. Hiyo ni kadi ya mkopo isiyo na plastiki. Ada yake ikiwa inaongezeka kwa kila siku ya kuchelewa, jina lake linajulikana. Saini ya siku hizi haiandikwi kwa kalamu. Ni kidole kubonyeza tarakimu moja.

Anayehitaji kadi kwa safari, masomo au ununuzi wa mbali atumie kadi ya akaunti, au kadi anayoijaza fedha kabla. Anayehitaji ya mkopo atafute isiyo na sharti la riba katika benki zinazofuata sharia, na ausome mkataba kabla ya kutia saini. Tanzania nayo si kame tena: Amana Bank, benki kamili ya kwanza ya Kiislamu nchini, ilifungua milango mwaka 2011, na benki nyingine kadhaa zimeanzisha madirisha ya huduma za namna hiyo.

JIBU LA MZEE

Nilirudi kwa mzee nikamwambia hivi. Paa lako, mzee wangu, si haramu. Mabati yalinunuliwa kwa bei ya haki kutoka kwa muuzaji wa haki. Wanazuoni wengi wanasema mkopo wenye sharti la riba, asili yake huingia katika milki ya mkopaji na deni lake humlazimu. Dhambi iko katika lile sharti. Swali chini ya paa lako kwa utulivu. Mwanao ana toba ya kufanya: ajutie, asiitumie kadi hiyo tena, na afanye haraka kulimaliza deni ili riba isiendelee kuliwa.

Kisha nikamuuliza mzee swali langu: “Nani alimwambia kijana kwamba lazima paa liezekwe mwaka ule?”

Mzee akanyamaza kitambo. Akasema, “Ni sisi. Kila alipopiga simu tulimtajia mvua.”

Ndugu zangu, hapa ndipo penye somo kwa familia zetu. Tunao watoto Dar es Salaam, Muscat, Dubai na kwingineko, na tunawaona kama visima visivyokauka. Kijana anaona haya kusema hana. Kati ya haya yake na mahitaji yetu, benki inaingia na kadi yake. Si kila riba huanza na uroho. Nyingine huanza kwa mtoto anayetaka kuwafurahisha wazazi wake.

Salama bin al-Akwa' (R.A.) amesimulia, na Bukhari ameipokea, kwamba ililetwa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari 3 na hakuacha kitu cha kulilipa. Mtume (S.A.W.) hakumswalia, akawaambia masahaba wamswalie mwenzao. Ndipo Abu Qatada (R.A.) akasimama akalichukua deni lile shingoni mwake, na Mtume (S.A.W.) akamswalia. Hebu lione deni lilivyo zito, na uione pia dawa yake. Dawa ilikuwa ndugu mmoja aliyesimama.

Mzee alilifahamu hilo kabla sijalimaliza. Wiki iliyofuata aliwaita wanawe na ndugu zake. Wakauza ng'ombe wawili, shemeji akaongeza kwa mkopo mwema usio na nyongeza, na kwa mara ya kwanza fedha ikasafiri kutoka Butiama kwenda Ghuba badala ya kutoka Ghuba kuja Butiama. Haikutosha kumaliza deni lote, lakini ililikata mgongo. Kijana alipiga simu usiku ule, na mzee ananiambia kwamba hakuna aliyemtajia mvua wala shida yoyote ya nyumbani. Walimuuliza tu kama amekula.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atutosheleze kwa halali Yake atuepushe na haramu Yake, awafungulie wenye madeni, na azifanye nyumba zetu kuwa mahali ambapo mtoto anaweza kusema “sina” bila kuona haya. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.